Bi Nunu Ajaribu Katamarani

Kwenye maonyesho ya boti Mombasa, Bwana Sherali aliwafukuza wote waliosogelea katamarani yake mpya, boti ya matanga yenye matumbo mawili. "Hapandi mtu ila mnunuzi!"

"Mimi sinunui kitu nisichokijaribu," alisema Bi Nunu. "Inabeba mzigo?"

Sherali, kwa tamaa ya kuuza, akampakia Bi Nunu na shoga zake kumi na vikapu vyao.

"Ina mbio?"

Tanga likapandishwa.

"Na kwenye kina kifupi, tuseme kama pwani ya kisiwa cha Wasini?"

Alasiri wakatia nanga Wasini. Vigelegele vikapasuka ufukweni.

"Mama wa bwana harusi!" alipokewa Bi Nunu. "Tulidhani mmekosa usafiri!"

Sherali akamkodolea macho. "Kumbe hununui?"

"Haraka ya nini?" alisema Bi Nunu, akimsogezea sinia la pilau. "Kesho nionyeshe inavyorudi."