Majina Mawili ya Igoki

Hapo zamani, na si zamani sana, kulikuwa na kituo cha afya mlimani chenye kompyuta moja na kijana mmoja wa kuitumia. Kijana huyo aliitwa Muriuki.

Mwaka huo alikuja daktari wa macho. Alikuja na lenzi arobaini za kuwatibu wagonjwa wa mtoto wa jicho. Arobaini, hakuna ya akiba. Majina yaliandikwa Jumapili kanisani na Jumanne sokoni, na tangazo likatolewa: atakayejiandikisha mara mbili atafutwa.

Lakini watu walikuwa na wasiwasi, kwa sababu mwaka uliotangulia daftari la kanisani lilipotea. Wengi walijiandikisha mara mbili. Muriuki alipoyaingiza majina kwenye kompyuta alikuta orodha ndefu iliyojaa marudio.

Aliwaonea huruma, hakutaka kumfuta mtu kabisa, akaandika programu ya kuondoa marudio tu. Angeweza kutumia njia ya mkato, lakini ile huvuruga mpangilio wa majina, na watu walikuwa wameandikwa kwa foleni. Akachagua njia ya polepole. Programu yake ilichukua jina moja na kujiuliza: nimeshalikuta? Bado. Weka. Ikachukua jina la pili: nimeshalikuta? Bado. Weka. Ikachukua jina la tatu: nimeshalikuta? Nimelikuta. Ruka.

Weka, weka, ruka. Weka, ruka, weka. Ilipomaliza, Muriuki akakata orodha kwenye jina la arobaini. Hilo lilikuwa la mzee Njagi.

Siku ya matibabu, muuguzi akaita, "Igoki Nyaga."

Wakasimama wanawake wawili.

Sasa sikilizeni. Huko mlimani, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mzee Nyaga alikuwa na wake wawili, na kila mke alizaa binti. Mama yake Nyaga aliitwa Igoki. Basi nyumba ya kwanza ilikuwa na Igoki Nyaga, na nyumba ya pili ilikuwa na Igoki Nyaga. Majirani huwatofautisha kwa majina ya mama zao, lakini daftari halikuwa na safu ya mama.

Muriuki akaisoma tena orodha ya mwanzo. Igoki mkubwa, kanisani: weka. Igoki mkubwa, sokoni: ruka. Igoki mdogo, sokoni, mstari wa chini yake: ruka. Programu ilitakiwa kuruka mara moja, ikaruka mara mbili. Na Muriuki mwenyewe alipaswa kulijua hilo, kwani katika nyumba ya pili ya baba yake alikuwa na ndugu anayeitwa Muriuki.

Igoki mdogo akirudishwa mahali pake, mzee Njagi angesukumwa hadi nafasi ya arobaini na moja. Kwa hiyo watu walikuwa arobaini na mmoja, na lenzi zilikuwa arobaini. Daktari alisema kuwa orodha si yake, na atamtibu yeyote ambaye jina lake litasomwa. Thelathini na wanane hawakuwa na ubishi. Zilibaki lenzi mbili, na wazee watatu kwenye benchi moja.

Igoki mkubwa alisema, "Mimi sioni kabisa, mwanangu. Jina langu lilitangulia hata hilo soko halijafunguliwa. Nilirudia kwa sababu mwaka jana mlipoteza daftari. Mlipoteza nyinyi, mimi ndiye nifutwe?"

Igoki mdogo alisema, "Mimi nilijiandikisha mara moja, kama mlivyotangaza. Kweli, jicho moja bado linaona. Lakini hilo jicho ndilo linalompeleka dada kisimani na kumrudisha, na tangu mvua za mwaka jana linaingia ukungu. Likizimika, tutakuwa wawili gizani."

"Na ndilo lililompeleka sokoni kuandikwa mara ya pili," mzee Njagi akasema.

"Ndilo," Igoki mdogo akajibu. "Angekwenda na nani? Na wewe, usiyeiona hata fimbo yako?"

Watu wakacheka, na Njagi akacheka pia. Kisha akasema taratibu, "Mimi sikurudia jina. Sikuvunja tangazo. Niliitwa, nikatembea tangu alfajiri, na dawa tayari nimetiwa machoni. Mjukuu wangu ana miaka minne na sijawahi kuuona uso wake. Kosa la mashine mnataka nilibebe mimi?"

Igoki mkubwa akaupapasa mkono wa ndugu yake, akaushika. Hakusema, "Mpeni yeye." Wala mdogo hakusema, "Mpeni dada." Walishikana tu mikono wakingoja.

Muriuki akarudi kwenye kompyuta. Akaandika upya majina ya wawili hao, kila mmoja na jina la mama yake. Programu ikauliza: nimeshalikuta? Bado. Weka. Nimeshalikuta? Bado. Weka. Mara hii haikuruka mtu. Ikaleta majina arobaini na moja, la Njagi likiwa la mwisho, ikasimama, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mtu. Mmoja alivunja tangazo. Mmoja bado anaona kidogo. Mmoja aliingia kwa nafasi ambayo haikuwa yake, naye hakujua.

Muriuki ameweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, na muuguzi amesimama mlangoni akingoja karatasi. Nanyi mliokaa hapa mkinisikiliza kwa macho yenu mawili mawili, hebu mwambieni: je, ni wawili gani waliostahili lenzi, na ni jina la nani alifute?