Ukoko Ulioshinda Tamasha

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali ya juzijuzi tu, palikuwa na tamasha kubwa la vyakula na mvinyo katika jiji la Dar es Salaam. Kabla sijaeleza watu waligombania nini, nitaweka wazi yale ambayo mashahidi wote waliyakubali, ili asije mtu baadaye kuniambia nimeegemea upande.

Wote walikubali kwamba sufuria ilikuwa ya Bi Mwanamvua Pazi, Mzaramo wa Buguruni, mpishi wa pilau za harusi. Walikubali kwamba aliyemsaidia ni wifi yake, Bi Siwema, mke wa kaka yake. Walikubali kwamba waandaaji walimpa kila mpishi muuza mvinyo wa kukaa naye meza moja, na kwamba kura ilimpa Bi Mwanamvua bwana mmoja aitwaye Mihayo, Mnyamwezi mwenye shamba la zabibu Dodoma. Walikubali pia kuhusu tuzo: banda la kupikia langoni mwa uwanja, kwa mwaka mzima, lenye jina la mtu mmoja tu juu ya mlango. Tonge litakaloshuka vizuri kuliko yote pamoja na mvinyo ndilo litakaloshinda.

Kuna jambo jingine ambalo halikubishaniwa. Nyumba ambayo Bi Mwanamvua alipikia uani mwake ilikuwa imeuzwa, na mwenye nyumba mpya alikwishashusha matofali palepale penye mafiga. Bila banda lile, hakuwa na pa kuwasha moto. Nawaomba mlitenge jambo hili mnapopima, maana uhitaji wa mtu hauthibitishi kwamba kitu ni chake. Najua hamtaweza. Mimi mwenyewe limenishinda.

Asubuhi Bi Mwanamvua, asiyekunywa mvinyo, aligeuza chupa zote za Mihayo zitazame upande wa pili, kisha akamwuliza kabila lake. Alipojibiwa alifurahi, kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani humcheka mwenzake hata msibani, tena huchukua cha mwenzake bila kuomba.

"Babu zako walikuja pwani na mizigo kichwani," alimwambia. "Wewe umekuja na chupa. Naona nguvu zinawaishia."

"Na nyinyi mkisikia ngoma mnaacha hata wali motoni," alijibu Mihayo. "Leo nitakula mkaa, mtani wangu."

Maneno ya utani si ushahidi. Nayataja kwa sababu mchana yalitimia.

Wali ulipokaribia kukauka, Bi Mwanamvua alipalia makaa juu ya kifuniko. Kwa desturi ya wapishi wa pilau, anayepalia juu ndiye huondoa moto wa chini. Alikuwa hajainama kuuondoa, mdundiko ukaingia uwanjani. Mdundiko hauchezwi mahali pamoja. Ni ngoma ya kutembea, na watu huifuata. Alimwambia wifi yake asifunue wala asiguse sufuria mpaka arudi, kwamba anaisindikiza ngoma hadi meza ya pili. Aliisindikiza uwanja mzima.

Bi Siwema alibaki na moto chini, moto juu, na amri katikati. Harufu ilipoanza, hakugusa. Harufu ilipobadilika, hakugusa. Harufu ilipomfikia mchoma pweza wa meza ya jirani, naye akageuka kutazama, Bi Siwema aliamua. Aliipua sufuria, akamwaga makaa ya juu, wala hakufunua.

Bi Mwanamvua alirudi jasho likimtoka, na nyuma yake majaji watatu. Sufuria ikafunuliwa. Pilau ilinuka moshi. Majaji walionja kijiko kimoja kimoja, wakanywa mvinyo wa Mihayo funda moja moja, wakasema ahsante kwa sauti ya watu wanaotaka kuondoka. Kwa aibu Bi Mwanamvua alipakua wali wote kwenye sinia. Chini ukabaki ukoko mmoja mzima, wa kahawia, uking'aa mafuta. Aliubandua akauweka kando, kwani ukoko ni haki ya mpishi, huliwa jikoni, na hakuna anayempelekea mgeni.

Hapo Mihayo akanyoosha mkono. Hakuomba. Aliuvunja, akaweka vipande kwenye sahani ya jaji mkuu, Bi Eliwaza, akammiminia mvinyo uleule. Bi Eliwaza alitafuna, na mlio ukasikika. Akanywa. Kisha akaomba kipande kingine, akawaambia wenzake waache tamaa.

Jioni ukoko ukatangazwa mshindi. Bi Eliwaza alipouliza jina la kuandikwa mlangoni, walijitaja watu watatu. Wakaomba yaandikwe yote, kanuni ikakataa. Akawapa muda mpaka fundi wa mabango amalize maneno ya mwanzo. Wasipoafikiana, banda litakwenda kwa mshindi wa pili, yule mchoma pweza, ambaye tayari alikuwa amesimama karibu kuliko ilivyohitajika.

Bi Mwanamvua alitaja viungo vyake, chumvi yake na kipimo chake cha maji. Alipoulizwa kama alikusudia kupika ukoko wa namna ile, alikiri kuwa hapana. "Hata kitinda mimba wangu sikumkusudia," alisema, "na hakuna jirani aliyekuja kunidai."

"Wifi, ulichoacha wewe ni moto," alisema Bi Siwema. "Ningeipua mapema, kusingekuwa na ukoko. Ningechelewa, tungekuwa tunakwangua mkaa. Nani aliijua saa yake?"

"Nilikukataza kugusa."

"Ulinikataza. Ningekutii, leo usingekuwa na cha kugombania."

Bi Eliwaza alimwuliza kama alingoja kwa ujuzi au kwa kinyongo. Bi Siwema alifikiri, akasema ni vyote viwili, kidogo kidogo. Mchoma pweza alidai kumsikia akinong'ona, "Acha iungue, atajua." Lakini shahidi huyo naye alikuwa na banda la kupata, kwa hiyo nampunguzia uzito.

Mihayo alisema kwamba mmoja aliuunguza, mwingine aliuokoa, kisha wote wawili wakauona takataka ya jikoni. "Mimi ndiye niliyeona kuwa ni chakula," alisema. "Na masharti yalikuwa tonge na mvinyo, si tonge peke yake."

Hoja hiyo ina mguu mmoja. Mvinyo uleule ulinywewa pamoja na pilau, na majaji wakaaga. Lakini ni kweli vilevile kwamba ukoko bila mvinyo haukuonjwa na jaji yeyote, wala usingeonjwa.

"Uliuchukua kwa ruhusa ya nani?" aliuliza Bi Mwanamvua.

"Ya utani."

"Basi ulichovuna kwa utani ni utani. Banda ni la kweli."

Mihayo alijibu kwamba utani humruhusu mtu kuchukua, na yeye hajawahi kusikia mtani akirudisha. Watu walicheka. Bi Mwanamvua alicheka pia, kisha akaacha kucheka kabla ya wengine.

Sasa fundi amekwisha kuandika UKOKO WA, na brashi imejaa rangi. Mchoma pweza anakohoa. Bi Mwanamvua halitazami bango. Anatazama makaa yake, ambayo bado yana moto, na hajui ayapeleke wapi.

Mmewasikia wote: aliyeupika bila kuukusudia, aliyeuokoa kwa kuasi, na aliyeupeleka mezani bila kuomba. Mimi nimepima, nimepima tena, na mizani haijatulia. Haya, semeni nyinyi: fundi amalizie kwa jina la nani?