Bi Digidigi na Wimbo wa Hondohondo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia nyua kama sisi, Bwana Hondohondo alikuwa mtunzi wa nyimbo. Aliyetaka kuimba wimbo wake sharti kwanza ampelekee kikapu cha makuyu, naye apate kumlisha mkewe aliyekuwa ndani ya tundu la mti akiatamia mayai.

Basi mtoto wa Bi Digidigi akashikwa na homa. Akalia kutwa, nga, nga, nga, mama amembeba, amemwogesha, amemkanda, wapi! Mwishowe akamwimbia wimbo wa mvua, ule wa Hondohondo wa kubembeleza, bila makuyu wala ruhusa, na mtoto akalala. Ngedere, jirani asiyeweza kuweka neno kinywani, akasikia, akatoka mbio mpaka kwa hakimu, Mzee Tembo.

Na sheria ya Tembo ilikuwa kali. Anayeimba wimbo wa mwenzake bila ruhusa hufukuzwa kisimani, msimu mmoja kwa kila sikio lililousikia. Mtoto masikio mawili, Ngedere mawili: misimu minne bila maji! Bi Digidigi akamtazama mwanawe. Mtoto mwenye homa, bila maji, atafika kesho kweli?

Barazani akasimama mbele ya wanyama wote, akili imetulia.

"Shikamoo, mzee. Mimi namwimbia mwanangu nyimbo nyingi. Ninaoshtakiwa nao ni upi?"

"Usijifanye hujui. Ule wa mvua."

"Za mvua ninazo tatu, mzee wangu."

Tembo akachukia, akainua mkonga, akauimba wote, puu, puu, mpaka kiitikio, na baraza zima likatikisa vichwa kwa utamu.

Bi Digidigi akaanza kuhesabu taratibu. Ya Twiga, ya Nyati, ya Pundamilia na wanawe.

"Masikio sitini, mzee. Makuyu ulipeleka lini?"

Tembo akakitazama kisima, naye ndiye mnywaji kuwapita wote.

Hondohondo ndiye aliyesema. Yeye hakuomba mtu afe kiu, alitaka tu mkewe ale. Basi Tembo akaifuta ile sheria palepale: mkosaji apeleke kikapu kimoja cha makuyu na aombe radhi, yaishe.

Siku hiyohiyo Bi Digidigi akapeleka chake, mtoto mgongoni, na nyuma yake, kichwa chini, Mzee Tembo na chake.

Aliyeiba wimbo alipe wimbo, asilipe uhai.