Chupa Iliyokaa Juani

Chupa hugeuka, uso ndio huulizwa. Nimewasikia mkiisema sasa hivi hapo kibarazani, mkimcheka msichana mpya wa duka la vipodozi. Mlipoona nawatazama, mkageuza macho mkajifanya mnapapasa vitambaa. Kugeuza macho mnakujua. Kila siku mnapita mbele ya kile kioo cha duka, mnaona kilichopo, na kila siku shingo zenu zinapata kitu kingine cha kutazama.

Mnaniuliza usemi huu ulitoka wapi. Ulitoka hapo ng'ambo, hatua ishirini kutoka kwenye cherehani yangu. Methali nyingi hazina mwenyewe. Hii inaye, na siku alipoitamka nilikuwepo. Kaeni niwaambie ilivyoanza.

Miaka tisa iliyopita Mama Fausta alifungua duka hilo. Mlango wake unatazama machweo, kwa hiyo ikifika saa nane mchana jua lote la mji huu huingia kwenye kioo kama limealikwa. Akamwajiri Tunu, binti wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa Bi Mwanakombo muuza chai wa hapa sokoni. Tunu alikuwa na madoa ya chunusi mashavuni. Alitaka yafifie, basi. Weupe hakuutaka, na hata angeutaka asingethubutu, maana mama yake alikuwa na dada aliyeungua uso kwa mkorogo, na alikwisha kumwambia Tunu, "Siku nikisikia umejichubua, mlango wangu usiujue."

Basi ikaja seramu ya vitamini C, dawa ya majimaji ya kufifisha madoa. Ilikuja katika chupa kubwa ya kioo cheusi, na wasichana wote wakaitaka, lakini nani hapa ananunua chupa nzima? Sisi mafuta ya kula tunapimiwa, sukari tunafungiwa kwenye vifuko, hata manukato tunanunua kwa tone. Mama Fausta naye akaipima. Akaimimina katika vichupa vidogo vyeupe vya kuonyesha ndani, akavipanga kiooni ving'ae.

Siku ya kwanza ilikuwa maji matupu. Wiki ya pili ikawa kama mafuta ya alizeti. Wiki ya tatu ikawa chai ya rangi. Mteja mmoja akauliza, "Mama, mbona hii imebadilika?"

Mama Fausta akacheka. "Imekolea, mwanangu. Chai nyepesi na chai nzito, ipi yenye majani?"

Duka zima likacheka naye. Na sisi tulivyo, watu tunaopima uzuri wa kila kitu kwa kikombe cha chai, tukakubali. Tena tukapitiliza. Wasichana wakaanza kudai, "Nipe ile iliyokolea." Aliyepewa nyeupe alinuna, akaona amepunjwa.

Tunu ndiye aliyekuwa uso wa duka. Kila asubuhi alijipaka mbele ya wateja wamwone, na jioni tena. Alikuwa amejisomea namna yake: uso uoshwe, matone machache asubuhi, yakauke, kisha losheni, kisha losheni ya kukinga jua. Nilimsikia kwa masikio yangu akiomba atiliwe kutoka ile chupa nyeusi.

"Hiyo ni ya kupima," Mama Fausta akamwambia. "Wewe paka inayouzwa. Watu wataaminije?"

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo naingia mimi. Boksi la ile chupa kubwa lilitupwa nje, nikaliokota niwekee bobini za cherehani. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini karatasi yenye maandishi hainipiti, hata iwe imefungiwa maandazi. Nikachukua kamusi ya Kiingereza, nikalisoma neno kwa neno. Liliandikwa: weka mbali na mwanga na joto, ikigeuka kahawia, usiitumie, itupe. Nikasoma mara ya pili. Kisha nikatia bobini zangu ndani, nikafunga droo. Nilikuwa nashona sare za duka la Mama Fausta na za duka la dada yake. Hicho ndicho kilichonifumba mdomo, na sitakipamba.

Wiki ya sita uso wa Tunu ukawaka. Ukawa mwekundu, ukamwasha, ukabambuka kando ya pua, kisha mashavu yakaota mabaka meusi kuliko madoa aliyoanza nayo. Mtaa haukuuliza mara mbili. Mkorogo huo, wakasema. Maneno yalifika kwenye meza ya chai kabla Tunu hajafika nyumbani. Alipofika alikuta begi lake nje ya mlango.

"Mama, sijapaka mkorogo."

"Uso wako unasema umepaka. Nenda kwa waliokupaka."

Akahamia kwa rafiki yake. Naye Mama Fausta, alipoona wateja wanamtazama Tunu kisha wanarudisha vichupa, akawahi kwenye kamati ya soko kushitaki. Mfanyakazi wangu anajichubua kwa siri, akasema, ananiharibia jina. Tunu alikuwa na vitu viwili tu vya kurudia, kazi yake na mlango wa mama yake, na vyote viwili sasa vilikuwa vinangoja kikao kile kiseme kama binti huyu ni mwongo.

Kikao kiliketi Jumatatu asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Mhando, muuza mchele. Mimi nilikuwa katibu, kwa sababu ya mwandiko. Bi Mwanakombo alikuwepo pia, si kama mzazi. Alikuja na chupa zake za chai kuwamiminia wajumbe, kama kila Jumatatu. Alimimina bila kumtazama mwanawe.

"Tunu," Mhando akasema, "uso huo umeupaka nini?"

"Seramu ya dukani, mwenyekiti."

"Na nini kingine?"

"Losheni. Ya kawaida na ya jua."

"Mwanangu, hapa hakuna polisi. Tunakuuliza kwa upole. Uso huo umeupaka nini?"

Mjumbe mmoja akadakia, "Hawa wa siku hizi wanapaka hata sabuni ya kufulia, wakiambiwa inang'arisha." Wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo.

Tunu akatoa kichupa mfukoni, akakiweka mezani. Kilikuwa kimefika rangi ya kahawa. "Nimejibu mara mbili," akasema. "Sasa kiulizeni hiki."

"Hicho kimekolea tu," akasema Mama Fausta.

Bi Mwanakombo alikuwa anamimina kikombe cha mwenyekiti. Akasimamisha mkono. Akaiweka chupa ya chai chini, akaja mezani, akakichukua kile kichupa, akakiinua dirishani. Akafungua, akanusa. Kisha akamtazama Mama Fausta.

"Umesema kimefanyaje?"

"Kimekolea, dada."

"Mimi ni mwaka wa ishirini na saba nakoleza chai. Chai inakolea kwa majani na moto, na mimi ndiye ninayeyatia na kuuwasha. Humu nani katia majani?"

Akakitikisa kichupa mbele ya Mama Fausta.

"Kilikuwa maji hiki. Napita pale kila siku, nimekiona kikiwa maji. Kitu kilichokuwa maji kikawa hivi chenyewe kwa kukaa juani, kwetu sisi wa jikoni hatusemi kimekolea. Tunasema kimeharibika, tunamwaga."

"Bi Mwanakombo," Mhando akasema, "tumiminie chai. Hapa tunazungumzia uso."

"Ndiyo naona. Chupa imegeuka, uso ndio unaoulizwa."

Kisha akanigeukia mimi. Wanangu, sijasahau hata mkunjo wa kanga yake. "Fundi," akasema, "wewe unasoma mpaka karatasi ya maandazi. Boksi la dawa hii nimeliona ulipofungua droo yako, lina bobini. Limeandikwa nini?"

Chumba kizima kikanitazama. Tunu akanitazama, na uso wake ule. Maneno yote nilikuwa nayo kichwani, kahawia, mwanga, itupe.

Nikainama nikajifanya naandika. Niliandika tarehe mara mbili.

"Katibu hana la kusema," akasema Mhando. Kikao kikaamua Tunu aondoke dukani, na duka liendelee. Uamuzi ule upo mpaka leo kwenye daftari la kamati, na mwandiko ni wangu.

Bi Mwanakombo akamshika mwanawe mkono. "Twende nyumbani," akamwambia. "Hata mimi niliuliza uso nikakufungia mlango." Wakatoka. Chupa za chai aliziacha palepale, na wajumbe wakajimiminia wenyewe.

Tunu alikwenda zahanati, nesi akamwambia dawa iliharibika kwa jua ikamuunguza ngozi, aiache, atapona taratibu. Ngozi ilirudi mwaka uliofuata. Kazi haikurudi, wala wale waliomwita mchubuaji hawakurudi kumwomba radhi. Yupo kwa mama yake, anakanda maandazi upande wa nyuma, mbele ya wateja hakai. Na seramu bado anapaka, mjue. Anaagiza chupa nyeusi nzima, anaifunga kwa kitambaa, anaiweka kwenye sanduku la chini, na ikianza kugeuka anaimwaga. Dawa haikuwa adui yake. Adui yake kilikuwa kioo, na sisi.

Mama yake ndiye aliyeueneza usemi. Kila aliyenunua chai alipewa kikombe na neno hilo: chupa hugeuka, uso ndio huulizwa. Mwezi mmoja tu, soko zima likawa linausema. Halafu mkafanya mnachokifanya siku zote. Mmeuchukua usemi wa mama aliyekuwa anamtetea mwanawe, mkaugeuza wa kumchekea msichana mwenye mabaka. Na methali nayo mmeiweka juani.

Mimi ukatibu niliuacha wiki ile ile. Nimeandika barua kumi na moja kwa kamati, naomba tu pazia kwenye kioo na tarehe kwenye kila kichupa. Zote nina nakala. Jibu sina hata moja.

Zaituni, naona unataka kuuliza. Uliza.

Kwa nini sikusema siku ile? Nimeshakwambia. Sare. Nguo za watu kumi na mbili, mjukuu wangu. Zimeshachakaa zote.

Sasa ni saa saba na nusu. Nusu saa ijayo jua litaingia kiooni. Yule msichana mnayemcheka ameanza kujikuna shavu, nimemwona asubuhi, na nyinyi mmemwona. Hili hapa ndilo boksi, bobini nimezimwaga. Lishikeni. Zaituni, kichupa cha seramu kilicho kwenye mkoba wako kitangulie, usinifiche, nimekiona ulipotoa simu. Vukeni barabara. Uso wa msichana msiutazame wala msiuulize. Wekeni boksi na kichupa mbele ya Mama Fausta, wateja wakiwa wamejaa, mmuulize: kilimiminwa lini, na kimekaa wapi? Akisema kimekolea, msomeeni kwa sauti. Mimi nakuja nyuma yenu, na safari hii sina kalamu.

Chupa hugeuka, uso ndio huulizwa. Mmeielewa sasa. Nyanyukeni mkaiulize chupa.