Birika la Msikiti wa Wanyama

Paukwa!
Pakawa!
Lo, hamjala leo? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na msikiti wao. Uani palikuwa na birika la maji ya mvua. Kila mmoja anateka kwa kata, anatawadha, anaingia kuswali. Maji yaliyomwagika yalitiririka nyuma, yakafanya kidimbwi. Humo Mama Chura alilea wanawe.

Akaja Tausi, tajiri. "Nataka kutoa sadaka. Jina langu litaandikwa wapi?"

"Tupanulie birika, Bwana Tausi," akasema Mama Chura. "Kiangazi kinakuja."

"Birika? Shimoni huko? Jina langu lisomwe na nani, vyura?"

Kamati ya msikiti ikacheka, kwa! kwa! kwa! Birika likafukiwa. Ua mzima ukatandikwa marumaru nyeupe, jina la Tausi katikati. Yakaja mabomba. Kiboko, mwenyekiti wa kamati, akawa anafungua bomba, chwaaa! Anaosha sikio moja, anasimulia harusi ya juzi, chwaaa! Anaosha la pili. Maji yote yakaishia mtaroni.

"Mwenyekiti, kidimbwi kinakauka. Wanangu watakufa!"

"Subira, mama. Huoni marumaru ilivyopendeza?"

Ijumaa moja ya kiangazi, adhana imeshatolewa, Kiboko akafungua bomba. Kho! Kho! Hewa tupu.

"Basi tutayamamu kwa vumbi badala ya maji," akasema Tausi.

Wakainama. Wakapapasa huku, wakapapasa kule. Marumaru tupu! Vumbi hata chembe hakuna.

"Njooni huku nyuma, vumbi tele!" akaita Mama Chura.

Wakakimbia. Kidimbwi kimekauka, ardhi imepasuka. Mama Chura ameshika kifuu cha nazi, wanawe wamebanana ndani kwenye maji kidogo.

"Karibuni. Hapa ndipo walipokuwa wakiogelea hawa."

Kiboko akajipaka vumbi usoni. Machozi yakaligeuza tope. Aliona haya, jamani, haya kweli kweli.

Walipomaliza kuswali wakang'oa marumaru, gwa! gwa! Wakafukua birika. Ijumaa ya pili haijafika, mvua ikanyesha, birika likajaa, kidimbwi nacho. Mama Chura akamimina kifuu chake, chubwi!

Tausi akachungulia birikani. "Na jina langu je?"

"Mungu analijua," akajibu Mama Chura.

Nanyi wa kamati mliokaa hapo nyuma, msijifanye mmesinzia. Nyumba ya ibada haipambwi kwa kumkausha jirani. Tunzeni maji, na atoaye sadaka asitafute wa kusoma jina lake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nendeni mkafunge lile bomba, nalisikia linavuja.