Kiti cha Kakakuona

Hapo zamani za kale, na msiniulize kale ipi, maana wanyama walikuwa na simu kama ninyi, alikuwapo Sange. Mnamjua sange? Yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia. Basi huyo.

Sange alikaa bondeni, karibu na mto, pamoja na mama yake. Mto ukitaka kufurika, programu iliyoitwa Kengele ililia kwenye simu za bonde zima: ngriii! Hapo Sange aliwaita majirani, wakambeba mama kwa machela hadi mlimani, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba na haitembei tena. Bila Kengele, mama asingewahi.

Kengele ilikuwa mali ya Tembo, na Sange alikuwa mfanyakazi wake. Sasa tulieni, hapa ndipo penye shughuli. Programu haijengwi na mtu mmoja. Ni kama nyumba: mlango kachonga huyu, bati kaleta yule. Tembo aliazima vipande arobaini na kimoja kwa mafundi mbalimbali, akaviunganisha, akajisahau.

Mvua zilipokaribia, Sange alivikagua kimoja kimoja. Arobaini vilikuwa vizima. Mafundi wake walivitengeneza upya kila simu zilipobadilika. Kilichobaki kilikuwa cha Kakakuona, kipande cha kupiga mlio wenyewe. Hakikuguswa kwa miaka tisa. Mto nao ulikuwa haujafurika miaka minne, na humo katikati karibu kila mtu amenunua simu mpya.

Sange akaacha vyote hapo. Akaenda mbio kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Kile kipande cha mlio kimezeeka, Mzee. Naogopa simu mpya hazikikubali. Tupige Kengele mara moja tu, tujaribu."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapepea. "Kengele ya mafuriko, kwa kujaribu? Bonde zima likimbie, wazee wakanyagwe? Ililia mvua zile, italia na hizi. Niache nile."

"Lakini mama yangu..."

"Sange. Niache nile."

Nyumbani Sange hakula. Kila wingu lililotokea alilikodolea macho.

"Mwanangu, unaitazama sana hiyo simu," mama akasema. "Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu, Mama." Alimdanganya mama yake, na hilo lilimuuma.

Najua mtaniambia, si angemhamisha tu? Angemhamisha. Na bibi wa jirani yao Nungunungu? Na vifaranga vya Kanga? Bonde lote angelipeleka wapi?

Asubuhi akarudi kwa Tembo, pua chini, mpole kabisa.

"Mzee, jana nilikosa adabu. Nimekuja kukuambia tu yanayosemwa sokoni."

"Yanasemwa nini?"

"Eti Tembo ni mchoyo. Amechangiwa vipande na mafundi arobaini na mmoja, na hajawaalika hata chai."

Masikio ya Tembo yakasimama. Kumwita mkubwa mchoyo, jamani, bora umpige.

"Mchoyo? Mimi?"

"Ndivyo wanavyosema. Ningekuwa wewe, ningeandaa karamu mlimani, bonde lote lialikwe. Kila fundi awe na kiti mbele, kina jina lake. Akiitwa, asimame, aonyeshe kipande chake kinavyofanya kazi, tumpigie vigelegele."

"Na mimi?"

"Wewe unakaa katikati."

Tembo akamwita Mbayuwayu papo hapo apeleke mialiko.

Jumamosi mlima ukajaa. Pilau inanukia, kila mtu na simu yake. Mama yake Sange tu na wazee wachache walibaki bondeni; mama alikataa kubebwa mbele za watu kwa ajili ya pilau, na Sange alimbembeleza mpaka akachoka.

Nyuki akaitwa, akaonyesha kipande chake. Vigelegele! Mchwa akaonyesha chake. Vigelegele! Huku nyuma, juu ya mto, mawingu yanajikusanya meusi, na Sange, sahani mkononi, anayakodolea macho.

"Kakakuona," Tembo akaita. Kimya. "Kakakuona, simama tukuone."

Kiti kitupu. Mbayuwayu akashuka. "Mzee, kwake nilifika. Majani yameota mlangoni. Majirani wanasema aliacha ufundi mwaka wa tisa huu, akahama, na alikokwenda hakuna ajuaye."

Minong'ono ikaanza, chwi chwi chwi.

"Kumbe kile cha mlio hakina mwenyewe?" akauliza Nungunungu.

Sange akainuka. "Jamani, msimfedheheshe Mzee. Atasimama yeye badala ya Kakakuona, akionyeshe kipande. Tuko mlimani tayari, hakuna wa kukimbia."

Tembo angefanya nini, na bonde zima linamtazama? Akatoa simu yake, akabonyeza.

Ngriii! ikalia simu ya Tembo, ile kuukuu. Ngriii, ikajibu ya Kobe, kuukuu vilevile. Basi. Simu mia tatu zikakaa kimya mikononi mwa wenyewe. Akabonyeza tena. Kimya. Akina mama wakaanza kuwakusanya watoto wao.

Tembo akamgeukia Sange. "Kwa karamu hii umenitega."

"Nimekutega, Mzee. Nilipokuambia ukweli, ulikataa kunisikia."

To! Tone la mvua likaanguka kwenye sufuria ya pilau. To, la pili. Sange akatupa sahani, akaanza kukimbia kuelekea bondeni, anamlilia mama yake.

Puu, puu, puu, ardhi ikatikisika nyuma yake. Alikuwa Tembo.

"Panda mgongoni," akasema. "Nyumba yenu iko wapi?"

Mvua ilipokolea kabisa, watu wa mlimani walimwona Tembo akipanda mwinuko taratibu, maji yakimtiririka. Mgongoni alikuwa na mama yake Sange, na bibi yake Nungunungu, na wazee wengine watatu, wote hai, wote wakinung'unika. Akawashusha mmoja mmoja kwa mkonga.

"Sange, tafuta fundi, mtengeneze kipande kipya," akasema. "Mpaka kikamilike, nitazunguka ukingoni nikipiga tarumbeta kwa mkonga wangu. Kengele ni mimi."

Akageuka, akarudi chini kwenye maji, na karamu yake hakuionja.

Basi, wanangu: ukitegemea kitu cha kuazima, ni juu yako kujua kama kuna anayekitunza.