Jiwe la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado na majiko na mabaraza yao, palikuwa na mlima wa mbali uliojaa kinamasi tangu kiunoni hadi shingoni. Kileleni palikuwa na jiwe pana la kuotea jua, na juu ya jiwe hilo ndipo alipozaliwa Bi Pimbi.

Aliteremshwa akiwa mtoto, mgongoni mwa mama yake, mwaka wa njaa. Sasa alikuwa kikongwe, magoti yamekwisha, na alipakumbuka pale mpaka chakula kikamshinda.

Baraza la wanyama likatangaza kwamba jiwe halina mwenyewe; atakayekuwa wa kwanza kulikalia, ni lake na uzao wake. Nyati, mpagazi mwenye kifua kama mlango, akalitaka apate pa kujikuna. Lakini kinamasi kilikuwa kimemmeza mara mbili, chubwi, mpaka kwenye pembe.

Bi Pimbi akamwendea. Akamweleza kwamba mama yake alimwonyesha kila fungu la nyasi linaloweza kubeba mguu, ila miguu yake mwenyewe haifiki popote.

“Nibebe kichwani, baba, nikuelekeze,” akasema. “Kikongwe kama mimi nitakushinda kwa lipi?”

Nyati akaona hilo halina hasara. Wakapanda siku mbili, tope likilia bwaka, bwaka, Bi Pimbi akielekeza kushoto na kulia katikati ya pembe. Hapa mama alinimenyea mizizi, akawa anasimulia, hapa alinifuta kamasi, hapa tulijikinga mvua chini ya jani moja. Nyati naye akamkumbuka mama yake, akaona haya, akajifanya anakohoa.

Kilele kilipotokeza, Nyati akatimua mbio. Alilifikia jiwe, akageuka, akaanza kukunja magoti.

“Ehe, baba,” Bi Pimbi akasema taratibu. “Tangu lini mpagazi akakaa kabla hajatua mzigo?”

Nyati akasimama wima kwa aibu. Kwa wapagazi hakuna kosa baya kuliko hilo, uchovu si kisingizio wala mvua si kisingizio. Marehemu baba yake aliwahi kumchapa kwa kosa hilo. Akainamisha kichwa, akamtua Bi Pimbi juu ya jiwe polepole, kama alivyofundishwa nyumbani.

Bi Pimbi akakaa, tuli.

Nyati aliduwaa kwanza, kisha akang’amua. Akapiga kwato chini, akavuma kwa pua, lakini sheria ya baraza ilikuwa ya wote, na aliyemkalisha pale ni yeye mwenyewe.

Bi Pimbi hakumcheka. Alikuwa amelaza shavu juu ya jiwe analia, maana lilikuwa na vuguvugu lile lile la utotoni, ila mama hayupo. Baadaye akafuta machozi, akasogea kando.

“Kaa, mgeni wangu,” akamwambia Nyati. “Umechoka, na nafasi ipo.”

Basi, wanangu, ukimfanya mdogo kuwa njia yako, usisahau kwamba naye ana safari yake.